Wimbo wa Nane wa Super Rau

Kibosho,
11 Februari 1996

Mdogo wangu Wense,

Huku wote tunapumua, tunakula na tunagombana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike Jumatano iliyopita. Gladness amempa jina la mwanamuziki fulani wa Marekani ambalo sitaki hata kujaribu kulitamka. Mimi namwita Jumatano, na anaitika. Huyo mpwa wako ana miaka kumi na sita, amenipita kimo, na anasema muziki wa dansi ni wa watu wenye mvi. Nimemwambia mjomba wake hana mvi, ana ukaidi tu.

Baba mguu wa kushoto unamsumbua kukiwa na baridi, lakini sauti ipo. Jumapili alisimamisha kwaya nzima ya parokia, akaninyooshea kidole mimi, mwalimu wa watu, akasema naimba kama mlango usiotiwa mafuta. Ana miaka themanini na moja na masikio yake hayajazeeka hata siku moja.

Sasa tuje kwenye upuuzi wako. Barua yako ya Krismasi niliisoma kwa masikitiko. Mtu tuliyezaliwa naye tumbo moja, aliyecheza dansi la bendi ya Super Rau pale ukumbini Majengo kila Jumamosi, leo anakaa Songea na kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba santuri yao ya tatu inaishinda ya kwanza! Wense, umelogwa? "Soko la Kiboriloni" ya mwaka sabini na saba ndiyo Super Rau. Sifael alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye matarumbeta ya kanisa lao la Kilutheri kule Machame, anapuliza kwa adabu, kila noti imeoga. Ikifika hiyo "Kofia ya Mjomba" yako ya themanini na nne, bwana mkubwa ameshajua kwamba wasichana wanamtazama. Ni maringo matupu. Usinibishie, mimi nilikuwa miongoni mwa waliomtazama.

Jambo lenyewe ni hili. Baba ametangaza kwamba Krismasi ijayo ndiyo ya mwisho kwake kuongoza kwaya. Hakusema anakutaka uwepo. Unamjua. Lakini wewe ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu nyumba hii ni yako. Wa kukaa na mzee ni wewe, mimi najishikiza tu. Wenzako wanarudi kila Krismasi kutoka Dar, kutoka Mbeya, mpaka kutoka Zambia, barabara yetu inajaa magari yaliyokwama. Wewe tangu ile ya themanini na nne hujakanyaga hapa. Krismasi kumi na moja! Mkeo Salvina hatumjui, wanao tunawaona kwenye picha. Njoo mwaka huu, Wense.

Ni mimi dada yako,
Hilda


Songea,
29 Machi 1996

Dada Hilda, shikamoo.

Barua yako imechukua wiki tano, nadhani ilikuja kwa miguu. Mvua imeharibu barabara ya Njombe na malori yamelala porini siku nne nne. Sisi ni wazima. Salvina anakusalimu, anauliza kama kweli Wachagga wanapika ndizi na nyama asubuhi asubuhi wakaita chai. Nimemwambia huo ndio ukweli na ajiandae. Veronika yuko darasa la pili. Tulimpa jina la mama, na sasa kaamua kufanana naye kabisa, hadi anavyoshika kijiko. Mdogo wake ni mlafi, hilo ndilo la kuripoti.

Kazi ipo. Siku hizi maduka yamejaa redio kaseti za kutoka nje, zinaingia nyingi na zinakufa nyingi, kwa hiyo fundi hakosi ugali. Kibanda changu kimekuwa bunge la mashabiki. Kuna muuguzi mmoja wa hapa hospitali, Ebenezeri, mtu wa Machame, kila jioni anakuja kubishana nami. Yeye yuko upande wako. Nimemwambia nina dada anayemfaa kwa ubishi, ila ni Mkatoliki mkali.

Dada, "Kofia ya Mjomba" ni bora na nitakufa na hilo. Sikiliza upande wa pili, wimbo wa kwanza, gitaa la besi linavyoingia kabla ya ngoma. Kwenye ile ya sabini na saba besi wamelificha chumbani kama mtoto mwenye surua. Nyie mnaopenda ile ya kwanza mnapenda ujana wenu, hampendi muziki. Haya, nimesema.

Ila kuna jambo linatuumiza kichwa hapa. Unakumbuka kava ya "Kofia ya Mjomba"? Nyuma zimeandikwa nyimbo nane. Santuri yenyewe ina saba. Wa nane, "Dereva wa Himo", haupo, haukupigwa redioni, haukutoka popote. Ebenezeri anasema watu wa Nairobi waliochapa santuri waliukata kwa sababu nafasi haikutosha. Mimi nasema labda kamati ya redio ilikataa maneno. Sasa kubwa kuliko yote: Ebenezeri anadai anayo kanda iliyorekodiwa ukumbini Majengo, bendi ikiupiga wimbo huo kabla haujafutwa. Ameificha, anasema mpaka nikubali kushindwa kuhusu ile ya kwanza.

Wewe ulikuwa Moshi mwaka ule, unafundisha. Hukusikia lolote? Kwa nini waliuondoa? Nakuuliza tu, kama shabiki.

Kuhusu Krismasi, tutaona. Nauli, barabara, wateja. Msalimie Baba, mwambie nampa shikamoo.

Mdogo wako,
Wense


Kibosho,
2 Juni 1996

Wense,

Mvua za masika zimetulowesha mpaka mifupa, lakini migomba imenenepa na Jumatano ameanza kutupa mateke. Gladness amefeli hesabu na amefaulu kucheza. Mimi nimefunga shule, nina vidonda vya chaki kwenye vidole, na nimekaa nikujibu nikiwa nimeshiba mtori, maana ukisomwa kwa njaa unaudhi.

Kwanza, salamu zangu kwa huyo Ebenezeri. Ni mtu mwenye akili. Ulutheri wake si hoja, sikio lake ni safi.

Pili, habari ya besi lililofichwa chumbani. Besi mahali pake ni chumbani! Likitoka sebuleni linavunja vikombe. Mwaka themanini na nne lilitoka, na tangu hapo bendi haikuwa na nyumba. Miaka miwili baadaye Super Rau ikafa, kila mtu akaenda kwao. Sifael yuko Machame anafuga ng'ombe wa maziwa. Nilimwona sokoni mwezi uliopita. Ana kitambi. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Tatu, huo wimbo wa nane. Achana nao. Wimbo usiotoka haukutoka, basi. Zipo saba, cheza hizo saba. Mimi sina la kukueleza.

Nne, nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la Krismasi, nikakuta "tutaona". Ukurasa mzima wa besi na tarumbeta, baba yako neno moja! Nilimfikishia shikamoo yako. Alikuwa anamenya ndizi. Aliniuliza, "Ameandika nini kingine?" Nikasema ameandika habari za muziki. Akasema, "Muziki gani?" Nikasema wa Super Rau. Akamenya ndizi nyingine mbili, akauliza, "Basi?" Nikasema basi. Akaondoka.

Mimi ndiye ninayeishi na huo ukimya, Wense, si wewe.

Dada yako,
Hilda


Songea,
30 Juni 1996

Dada, shikamoo.

Tuko salama, haraka ndiyo inanifanya niandike kwa kifupi. "Mimi sina la kukueleza." Hilda ambaye nilizaliwa nikamkuta akiongea, aliyeadhibiwa na masista kwa kuongea kanisani, leo hana la kueleza? Juu ya wimbo wa Super Rau? Nimemsomea Salvina sentensi hiyo, akasema, "Huyo dada yako anajua kitu."

Ebenezeri nimemshinda. Nilimwambia mdomoni kwamba ile ya kwanza ni bora, moyoni nikaendelea na imani yangu, akanipa kanda. Nimeisikiliza. Ni mbovu, watu wanapiga kelele za bia, chupa zinagongana, lakini wimbo upo mwanzo hadi mwisho. Nikitaka naweza kukutengenezea nakala. Unataka?

Nijibu hilo tu. Unataka kuusikia, au uliwahi kuusikia?

Wense


Songea,
15 Septemba 1996

Dada Hilda, shikamoo.

Miezi miwili na nusu hujaniandikia. Mwanzoni nikasema ni posta. Kisha nikasema ni mavuno ya kahawa, maana nasikia siku hizi wanunuzi binafsi wanapita hadi mlangoni na mizani zao na mnapoteza siku nzima kubishana nao. Sasa nimeishiwa visingizio vya kukutafutia. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nimeelewa: unaujua wimbo ule, na unangoja niseme mimi.

Haya. Mficha uchi hazai.

"Dereva wa Himo" ni wimbo wa mama.

Ni ule ule Baba aliomtungia mama alipofariki mwaka sabini na tisa, tukauimba kaburini, na baadaye kila mwaka siku ya Marehemu Wote. Maneno ndiyo wameyabadilisha. Badala ya Veronika kupokelewa na malaika, kuna dereva wa lori anayemwacha dada mmoja stendi ya Himo na gunia la vitunguu. Lakini sauti ni ile ile. Na aliyewapa ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa nawatengenezea ampli pale Majengo, unakumbuka. Siku moja nachomelea waya huku nauimba bila hata kujijua. Sifael akasimama akauliza, "Huo ni wa nani?" Hapo ndipo nilipokosa, dada. Ningesema ni wa baba yangu. Nikasema, "Wa nyumbani tu." Akaniambia niurudie. Nikaurudia mara nne, mara tano, akaufuata kwa tarumbeta, na nakuapia nilitokwa na machozi, kwa sababu nilidhani sasa mama atasikika nchi nzima, Bukoba watamsikia, Mtwara watamsikia. Sikujua watamtia kwenye lori la vitunguu. Nilipoyasikia maneno nilicheka pamoja nao ili nisionekane mshamba. Hilo la kucheka ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kisha ile siku ya Marehemu Wote ikafika. Kwaya yote imesimama kaburini, tunangoja Baba aanzishe wimbo wa mama. Akafunga daftari. Akasema twendeni nyumbani. Hakunitazama. Nikajua ameusikia. Nikangoja aseme, Novemba yote, Desemba yote, hakusema. Krismasi alinikatia nyama na kunipa sahani kama kawaida. Nikaiacha sahani mezani. Siku mbili baadaye nikapanda basi.

Hadi leo sijui kama anajua ni mimi. Nikija nitamtazama usoni vipi? Namkumbuka kila siku, dada. Kila redio inayofunguka mkononi mwangu nawaza labda ataongea mtu kama yeye. Nina binti anayeitwa Veronika na sijawahi kumfundisha wimbo wa bibi yake, naona aibu.

Usimwambie. Au mwambie. Mimi sijui.

Mdogo wako,
Wenseslaus


Kibosho,
20 Oktoba 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Wote wazima. Leo sina habari za ng'ombe.

Umechukua miaka kumi na miwili kuandika ukurasa mmoja na nusu. Hata wale wanafunzi wangu wanaoketi nyuma hawachelewi hivyo. Nimelia, nimekasirika, nimecheka kwenye vitunguu, nimelia tena, Gladness akadhani kuna msiba.

Sikukujibu kwa sababu nilimwahidi Baba. Sasa ahadi hiyo naivunja, na nitakwenda kuungama kwa padri mwenye haraka.

Ilikuwa Septemba ya themanini na nne. Nilikwenda na Baba mjini kununua tairi la baiskeli. Tukapita Majengo, bendi inafanya mazoezi, madirisha yamefunguliwa. Sikuwa nimetambua kitu. Baba akasimama katikati ya barabara, akavua kofia. Wimbo wa kaburi ukiimbwa mtu anavua kofia, naye mwili wake ulitangulia kujua kabla ya kichwa. Wenye maduka wakaanza kumcheka, mzee kavulia kofia baa. Ndipo nami nikasikia. Alisimama hivyo hadi wimbo ukaisha, vitunguu na dereva na yote, kisha akavaa kofia, tukanunua tairi.

Nilidhani ataenda polisi, au kwa padri. Kesho yake alfajiri alikwenda kaburini kwa mama akakata isale. Wense, jani lenyewe nililiona mkononi mwake. Wewe hujasahau maana yake: mtu akiletewa isale ameombwa radhi, na hawezi kukataa, hata awe na moyo wa jiwe. Tukashuka tena Majengo. Mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu wa kwaya, anakwenda kumpelekea isale kijana mpiga tarumbeta! Nilimwambia njiani, "Baba, wewe ndiye uliyekosewa, iweje wewe ndiye upeleke?" Akaongeza mwendo.

Sifael alipoliona jani alitupa sigara. Ni Mchagga, alijua. Baba akamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Kitu cha nyumbani kwangu kimetoka bila ruhusa yangu, na kosa la nyumba ni langu. Nakuomba radhi kwa hilo, na nakuomba mambo mawili. Wimbo ule usiutoe. Na aliyekupa, usimtaje kwa mtu yeyote, hata kwangu mimi." Sifael akalipokea kwa mikono miwili. Kava zilikuwa zimeshachapwa, ndiyo maana hao mashabiki wako wanahesabu nane wanapata saba. Si kamati, si Nairobi. Ni baba yako.

Tulipotoka nje akaniambia, "Ni Wense." Nikamuuliza amejuaje, hakusema, na hadi leo hajasema. Akaniambia, "Usimwambie kwamba najua. Atakuja mwenyewe aseme."

Umeelewa sasa? Hakukunyima neno kwa hasira. Alikuwa anakungoja. Ulipoondoka bila kuaga alikaa uwanjani hadi jua likazama, na barua yako ya kwanza ilipofika akaniuliza Songea ni mwendo wa siku ngapi.

Barua yako nilitaka kumsomea. Nikafika mlangoni kwake nikarudi. Haya si maneno ya kuletewa na mimi. Desemba anasimama mbele ya kwaya mara ya mwisho, na wimbo wa mama tangu siku ile hajauimbisha, daftari limefungwa. Mguu umekuwa mbaya, Wense. Siongezi chumvi. Ukisema "tutaona" safari hii, huenda hutamwona.

Dada yako,
Hilda

Kanda ya Ebenezeri usinitumie. Wimbo nilishausikia.


SIMU
SONGEA 17 DESEMBA 1996
KWA MWALIMU HILDA KIBOSHO

TUNAONDOKA IJUMAA WOTE WANNE. VERONIKA ANATAPIKA KWENYE BASI, TAYARISHENI NDIMU. MSIMWAMBIE BABA. YA TATU BADO NI BORA. WENSE


Songea,
19 Januari 1997

Dada Hilda, shikamoo.

Tumefika salama baada ya siku tatu, pancha mbili na mabishano mengi. Salvina anawasimulia majirani ndizi za asubuhi, hawamwamini. Veronika amemwandikia Gladness barua yake ya kwanza, nimeiweka humu, usiisome, ina siri za ngoma za Marekani. Mlafi analilia ndama. Mwambie Jumatano kwamba ana shabiki.

Ebenezeri nimemweleza kwa nini kava ina nane. Alivua miwani, kisha akasema hataki kanda yake irudi. Nilimwambia haiwezi kurudi, imebaki Kibosho mfukoni mwa koti la mzee. Hilo wewe hulijui bado, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Pale stendi uliniuliza tulizungumza nini na Baba nyuma ya zizi, basi likawa linaondoka na kondakta anapiga kelele. Nilikuambia "mambo ya wanaume" ukanifinya. Mkono bado una alama.

Ile jioni ya kufika uliona mwenyewe. Alinipa mkono, akasema "Umefika," akamchukua Veronika akaanza kumhoji majina ya ndizi. Mimi nikabaki nimesimama na mabegi. Usiku ule sikulala. Asubuhi, ulipokwenda kanisani kupamba pango la Krismasi na Salvina, akaniita twende tukawakatie ng'ombe majani. Yeye akakaa juu ya kinu kilichopasuka, mguu ameunyoosha. Mimi nikashika panga. Nilikata mgomba mzima. Nikakata wa pili. Akasema, "Utamaliza migomba yote ya kihamba."

Basi nikaweka panga chini nikasema. Nilisema yote, la kuchomelea waya, la "wa nyumbani tu", la kucheka. Nilipofika kwenye kucheka nikalia, dada, mwanamume mzima mwenye watoto wawili. Akangoja hadi nikamaliza. Hakuniambia nimekusamehe. Aliniuliza, "Hivi yule dereva alirudi Himo kumchukua yule dada?"

Nikasema, "Hapana, Baba, hakurudi."

Akasema, "Mjinga."

Tukacheka hadi ng'ombe wakageuka. Nikamtolea kanda ya Ebenezeri, nikamwambia ni yake, aichome akitaka. Akaitia mfukoni.

Nikapata ujasiri, nikamuuliza alijuaje kuwa ni mimi, maana Sifael hakunitaja. Alinishangaa. Akasema, "Mstari wa pili, mwishoni, sauti inashuka. Kwaya nzima inashuka. Miaka mitano nimekufundisha kushuka na kila mwaka wewe unapanda. Nimesimama pale barabarani, bendi nzima ya watu wazima wenye magitaa na matarumbeta inapanda. Nani mwingine angewafundisha hivyo?"

Dada, kumbe kosa langu walilirekodi! Nimesikiliza kanda ile mara mia hapa Songea na sikuwahi kulisikia, kwa sababu mimi hadi leo nadhani ndivyo ulivyo.

Kisha akaniambia niuimbe. Pale pale, kwenye majani. Nikamwambia sauti imeharibika kwa moshi wa risasi ya kuchomelea. Akasema, "Imba." Nikasimama wima kama tulivyokuwa tunasimama kaburini, nikamwanzia mama kwa maneno yake mwenyewe, bila lori. Mstari wa kwanza ukaenda. Mstari wa pili nikawa mwangalifu, nikakaza masikio, na ulipofika mwisho nikaushusha taratibu kama alivyoutunga, mara ya kwanza maishani mwangu.

Mzee akainua mkono akanisimamisha.

"Umekosea," akasema. "Wewe hapo unapanda. Rudia."

Mdogo wako,
Wense